Mkufu Nilioufumua

Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu iko karibu na dirisha. Mashine yangu iko juu ya meza. Mume wangu husema kelele za mashine ni nafuu kuliko mdomo wangu. Sikatai.

Mashine hiyo nilinunuliwa na mama. Zamani alikuwa na mkufu wa lulu, na hakuwa na kitu kingine cha thamani. Nilipomaliza kujifunza kushona, sikuwa na hata mkasi. Mama akauvua mkufu, akaenda kuuuza, akarudi na mashine. Hakutoa hotuba. Aliniambia tu, "Haya, shona."

Siku hizi mama ni mzee na anaishi nasi. Macho yake yamefanya ukungu. Anatutambua kwa sauti na kwa mwendo. Mimi nilijiapia kwamba lulu zitarudi shingoni mwake wakati bado yupo nasi.

Siku moja niliona tangazo kwenye mnada wa mtandaoni. Liliandikwa hivi: "Mkufu wa kale. Lulu halisi za baharini." Picha zilipendeza. Saa ya kufunga mnada ilipokaribia, mtu mwingine alipandisha dau. Nikapandisha. Akapandisha. Nikapandisha tena. Nikashinda! Nilicheza peke yangu katikati ya vitambaa.

Mkufu ulifika ndani ya kisanduku cha buluu, na hapo ndipo nilipokosea. Sisi mafundi wa nguo tuna ugonjwa wetu. Hatuamini mshono wa mtu mwingine. Nguo mpya ikiingia nyumbani kwangu, naifumua pindo na kuishona upya kabla haijavaliwa. Niliuvuta uzi wa mkufu, nikaona umelegea. "Huu utakatika shingoni mwa mama," nikasema. Nikachukua mkasi.

Nikafumua mkufu wote. Lulu mbili za mwisho zilikuwa zimegandishwa kwa gundi kwenye kifungo. Zilikataa kutoka. Nikaziacha na uzi wake, nikavitia vyote kwenye kopo la mabaki. Zilizobaki nikaanza kuzitunga kwenye uzi mpya.

Sindano ilipopita kwenye lulu ya tatu, kitu cheupe kilibanduka pembeni mwa tundu. Kilikuwa chembamba kama ngozi ya kitunguu. Chini yake niliona kioo.

Nilizikusanya lulu nikatoka nazo mbio.

Jirani yetu ni sonara. Amefanya kazi ya vito tangu ujana wake. Watu humwita Lenzi, kwa sababu kioo chake cha kukuzia hakitoki shingoni hata akienda kununua chumvi. Nilimbishia hodi kabla hajamaliza kufungua karakana.

"Karibu, mdogo wangu. Mbona umevimba hivyo? Kuna msiba?"

"Bado, dada. Lakini kuna muuzaji mmoja nikimpata, utakuwepo."

Lenzi akacheka. Akamimina lulu zangu juu ya kitambaa cheusi.

"Ziangalie vizuri," alisema. "Unaona nini?"

"Zote ni sawasawa. Hakuna hata moja yenye dosari."

"Hilo ndilo la kwanza kukutia shaka. Lulu hukua ndani ya chaza. Moja hutoka na kibonyeo, nyingine na alama ndogo. Sasa chukua mbili, uzisugue pamoja polepole."

Nilizisugua. Ziliteleza.

Lenzi akavua pete yake na kunipa. "Hii ni lulu ya kweli. Ipitishe taratibu kwenye ncha ya jino la mbele."

Nilifanya hivyo. Ilikwaruza kidogo, kama ina mchanga laini sana. Nikajaribu moja ya zile zangu. Iliteleza kama kikombe.

"Lakini usitegemee jaribio moja," Lenzi alisema. "Wapo wanaojua kuigiza hata mkwaruzo. Angalia tundu kwa kioo hiki. Lulu ya kweli tundu lake huwa safi. Ya bandia, rangi hubanduka hapo hapo. Na usithubutu kuichoma moto kama wengine wanavyoshauri. Utaharibu lulu nzuri bure."

"Na zile zinazoitwa za kufugwa? Hizo nazo ni za uongo?"

"Hapana! Hizo ni za kweli. Mtu humsaidia chaza kuanza, lakini chaza ndiye anayetengeneza lulu. Nyingi zinazouzwa ni hizo. Muuzaji mwaminifu atasema wazi kwamba ni za kufugwa. Akidai ni za asili kabisa, aonyeshe cheti cha maabara. Kwa macho na meno huwezi kutofautisha. Sasa nionyeshe hilo tangazo."

Nikampa simu. Alisoma mpaka chini, mahali ambapo mimi sikufika.

"Haya, soma hapa," alisema.

Nikasoma kwa sauti: "Mimi si mtaalamu wa lulu. Nauza kama nilivyoipata."

"Juu anasema ni halisi. Chini anasema hajui. Amejuaje basi kwamba ni halisi? Na angalia picha. Zote zimepigwa kwa mbali, isipokuwa hii moja ya kifungo. Hakuna picha ya tundu. Hakuna cheti. Ulimuuliza swali lolote kabla ya kupandisha dau?"

Nilikuwa nimeuliza swali moja tu, kama kisanduku ni cha buluu kweli.

Pale pale nikamwandikia muuzaji. Nilimwambia lulu zake ni kioo. Jibu lilikuja haraka: "Umeufumua mkufu wangu. Nani ajue umeweka shanga gani? Usinisumbue."

Alijuaje nimeufumua? Nilimwambia mwenyewe. Nilimpelekea picha ya lulu zikiwa zimetawanyika mezani. Nilitamani kujipiga kibao.

Nyumbani, mume wangu alisikiliza yote. Yeye ni mtu mwema, lakini mtaani wanamwita Yaishe. Hata kuku akimdonoa, atasema yaishe.

"Mke wangu, achana naye," alisema. "Tunga hizo hizo, umpe mama. Macho yake hayaoni. Hatajua."

Nilimgeukia. "Kwa hiyo kwa kuwa mama haoni, ndiyo tumvishe uongo?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo! Mama aliuza lulu za kweli. Hakuniletea picha ya mashine. Aliniletea mashine."

Mimi nilikuwa na hasira, tena hasira tamu, ya kunitoa usingizini. Nikasoma sheria za mnada. Mnunuzi ana siku saba za kulalamika, ikiwa kitu hakifanani na tangazo. Yangu ilikuwa siku ya tano. Nilihitaji ushahidi ambao mkono wangu haukuugusa.

Nilikaa mbele ya mashine, nikitafuta uzi wa kujaribia mshono. Nikavuta kopo la mabaki. Fundi hatupi uzi. Na ndani ya kopo, kifungo cha zamani kilikuwa kimelala na lulu zake mbili, bado zimeshikwa na gundi.

"Yaishe!" nilipiga kelele. "Leta simu!"

Tulikuza ile picha ya kifungo kwenye tangazo. Lulu iliyokuwa karibu nacho ilikuwa na kovu dogo, kama punje ya ufuta, mahali ambapo rangi ilikuwa imebanduka. Nikaiangalia iliyokuwa mkononi. Kovu lilikuwa lile lile, upande ule ule. Alikuwa ameipiga picha dosari yake mwenyewe akaiuza.

Lenzi alizikagua lulu hizo, akaandika barua fupi na kugonga muhuri wa karakana. Mume wangu alipiga picha, na safari hii hakusema yaishe hata mara moja. Tulihifadhi tangazo lote lisije likafutwa. Nikatuma malalamiko kwa wenye mnada siku ya sita.

Kesho yake muuzaji akaandika kwa sauti ya asali: "Dada yangu, futa malalamiko, nikurudishie nusu."

Nikamjibu: "Nusu ya uongo ni nini? Sifuti."

Wenye mnada waliamua upande wangu. Nilirudishiwa fedha yote, na matangazo yake yakaondolewa. Niliambiwa niurudishe mkufu. Nikaurudisha, na kila shanga ndani yake. Lakini nilikuwa na wasiwasi kwamba atauuza tena kwa mtu mwingine asiye na jirani sonara. Basi nikakata kitambaa cheupe, nikakitarizi kwa uzi mwekundu: HIKI NI KIOO. Nikakishona kwenye kifungo kwa mshono wangu wa mara tatu. Afumue mwenyewe.

Kisha nikarudi kwenye mnada. Ndiyo, nilirudi! Tapeli mmoja hawezi kunifungia mlango. Safari hii nilisoma kila tangazo mpaka chini. Niliwaandikia wauzaji watatu: Lulu ni za asili au za kufugwa? Naomba picha ya tundu kwa karibu. Nikipeleka kwa sonara akikataa, utapokea mkufu wako? Wa kwanza hakujibu. Wa pili aliniambia najifanya mjuaji. Nikamshukuru kimoyomoyo, maana alikuwa amenijibu vizuri kabisa. Wa tatu alituma picha tano na kusema: "Ni za kufugwa, za maji baridi, si za baharini. Hazilingani sana. Mpelekee sonara wako, akikataa nitaupokea."

Mkufu ulipofika, niliupeleka kwa Lenzi ukiwa mzima. Mkasi niliuacha kwenye droo. Mkono uliniwasha njia nzima, lakini nilivumilia. Lenzi aliukagua, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mashine. Niliuweka mkufu kiganjani mwake. Hakuuliza ni nini. Aliupapasa punje kwa punje, vidole vikisimama kwenye kila kibonyeo. Halafu, kabla hatujasema neno, akauinua na kuipitisha lulu moja kwenye jino lake la mbele.

Mimi na mume wangu tulitazamana.

"Mama," nilisema, "kumbe unajua hilo?"

"Mwanangu, nilivaa lulu miaka kumi na minane. Nisijue?"

"Na kama zingekuwa za kioo?"

Mama aliufunga mkufu shingoni mwenyewe, bila kusaidiwa. "Ningenyamaza," alisema. "Ningezivaa kila siku, nisikuvunje moyo."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Nami nikapiga magoti nikamkumbatia mama, lulu zikinigusa shavuni zikiwa bado baridi.

"Ndiyo maana mimi sikunyamaza," nikamwambia.