Chupa Ndani ya Gunia la Maganda

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alifunga gunia la taka na kumngoja shangazi yake mlangoni. Lori la taka halikuweza kupanda mtaa wao. Nyumba ziling'ang'ania ubavu wa mlima, na vichochoro vilimtosha mtu mmoja na mzigo wake. Kwa hiyo shangazi, mchukuzi wa taka, alipita nyumba hadi nyumba, akabeba magunia mgongoni na kuyashusha kwa ngazi za mawe. Maganda yalikuwa chakula cha mbuzi wa bondeni. Chupa za dawa za wadudu hazikutiwa guniani hata siku moja. Hizo shangazi alikabidhiwa mkononi.

Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Lakini asubuhi hiyo alikuwa kimya kama maji mtungini. Alikuwa ameichezea chupa ya dawa ya kunguni aliyokatazwa kuigusa, ikamponyoka na kupasuka. Kwa kumwogopa mama, aliizungushia gazeti akaichomeka katikati ya maganda ya viazi.

"Lo, gunia zito! Umemtia na jirani humu?" shangazi alimtania huku akilibeba. "Mbona hujibu? Leo ulimi umeuacha kitandani?"

Chiriku alicheka kicheko cha uongo, akashika njia ya shule.

Mchana aliporudi alikuta mlango umefungwa. Jirani akamwambia shangazi ameanguka kwenye ngazi, yuko zahanati. Chiriku alitimua mbio.

Gunia lilikuwa limeegemezwa nje ya mlango wa zahanati. Ndani, shangazi alilala ubavu, jasho likimtiririka, mate yakimtoka, pumzi ikimpanda kwa shida. Mama alimpepea kwa kanga.

"Huenda ni jua," muuguzi alisema. "Na mgongo huu uliolowa?"

"Ni maji ya maganda tu," mama alijibu. "Magunia huvuja kila siku."

Chiriku aliutazama mgongo ule uliolowa. Akisema, mama atamjia juu. Asiposema, shangazi atakufa mbele ya macho yake.

"Si maji ya maganda!" alipiga kelele. "Ni dawa ya kunguni! Niliivunja mimi, nikaificha guniani. Jamani, mbuzi wasipewe maganda hayo!"

Muuguzi hakungoja kusikia zaidi. Alivaa glavu, akamvua shangazi blauzi, akamwosha mgongo kwa sabuni na maji mengi, kisha akamdunga sindano. Mama hakumgombeza Chiriku. Alimtazama tu, na mtazamo ule ulimuuma kuliko fimbo.

Jioni shangazi aliweza kuketi. Chiriku alipiga magoti kando ya kitanda, akilia kwa kwikwi.

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe, mwanangu. Hata mimi nilipokuwa mdogo nilivunja vitu nikavificha." Alivuta pumzi. "Lakini nisikilize. Gunia nalipandisha mgongoni bila kulichungulia, kwa kuwa namwamini aliyelifunga. Taka uliyoificha haikupotea. Ilikuwa juu yangu asubuhi nzima. Kuvunja chupa ni bahati mbaya, kunyamaza ni kosa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ungechelewa kusema hadi saa hizi, msamaha huu ungekuja kuniomba kaburini."