Picha za Majani Pekee

Kila alasiri Valarie alivua sare, akanywa chai, kisha akaketi mbele ya kompyuta ya mama yake. Mama yake, Truphosa, aliuza miche ya nyanya na sukumawiki pale Kiamunyi. Mteja ambaye mimea yake imeugua alipiga picha ya jani na kuipakia kwenye tovuti ya kitalu. Valarie alizipanga picha hizo, naye mama akazijibu jioni.

Tovuti hiyo ilitengenezwa na Mjomba Khaemba. "Usinisumbulie wateja," Truphosa, dada yake, alimwagiza. "Wakileta chochote, pokea." Truphosa ni mkarimu hata kwa kuku wa jirani, naye Khaemba hapendi kubishana na dada zake. Akatii.

Jumamosi moja, katikati ya picha za majani, Valarie aliona faili lisilo picha. Aliyelituma hakujulikana. Valarie aliingiwa na hofu, maana alijua tovuti ile haikatai kitu. Yeye mwenyewe alikuwa amepakia mchezo wa magari kwenye tovuti hiyo hiyo ili aucheze kwa siri, ingawa michezo ilikatazwa kwenye kompyuta ya kazi. Akisema, angeumbuka. Akinyamaza, majina na nambari za simu za wateja wote wa mama zingeweza kuibwa. Alimfuata mama kitaluni.

"Mum, kuna kitu nataka kukwambia. Usikasirike kwanza."

"Sema."

Alisema yote, mchezo wa magari ukiwemo. Mama alimpigia Khaemba simu.

Khaemba alifika upesi, akaifunga tovuti kwa muda na kulichunguza faili lile. "Hii ni programu, dada. Mwenye kuituma alitaka kuiamrisha akiwa mbali, imtolee namba za wateja. Bahati nzuri hajaanza. Makosa ni yangu, sikuweka ukaguzi."

"Ni yetu sote," Truphosa alisema. "Hapa kitaluni hakuna mtu anaingia bila kukanyaga dawa ya kuua vijidudu mlangoni. Huko kwenye tovuti nikasema pokea chochote."

Khaemba alilifuta faili lile. Akaiagiza tovuti ipokee picha tu, tena ikague yaliyo ndani ya faili, kwa kuwa jina la faili mtu hulitunga apendavyo. Picha zenyewe akazihamishia mahali ambapo programu haiwezi kufanya kazi. Valarie alijaribu kupakia mchezo wake, ukakataliwa. Akaupa jina la picha, ukakataliwa tena. Mjomba akacheka.

Mama hakucheka. "Huo mchezo utaufuta mwenyewe, na wiki hii kompyuta hutaigusa."

"Sawa, Mum."

Kisha mama akamshika mabega. "Lakini asante, mwanangu. Asante sana. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wateja hawa waliniamini wakanipa namba zao, na wewe umekubali kuadhibiwa ili wasiumie. Kosa ulilolisema limetuokoa. Ungelificha, lingetumaliza."