Tromboni ya Ruta

Gatera hakuwa ameweka mdomo bado, lakini maji yalikuwa yanadondoka kutoka kitundu cha chini cha tromboni. Kila mpiga tromboni anayajua maji hayo: ni pumzi yake mwenyewe iliyopoa ndani ya shaba. Haya yalikuwa ya moto.

"Papa Bonheur, acha hiyo kitu," alisema Vestine, mke wake, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Hatujaondoa matanga ya grand yako."

Tromboni ilikuwa ya huyo grand, Ruta, kaka yake mkubwa, aliyemfundisha muziki katika fanfari, bendi ya matarumbeta ya kanisa kule Uvira na kufariki Louisville wakati wa baridi. Kwao, kitu cha marehemu hakiguswi mpaka ndugu wakutane, waondoe matanga, wagawe vitu. Mjane, Bamurange, alikuwa amehamia kwa watoto wake Buffalo, na mkutano ukawa unasogezwa. Gatera naye alikuwa amepata jukwaa Columbus, la kwanza la jazi baada ya miaka ya kubeba maboksi depo, na tromboni yake mwenyewe ilikuwa imepinda.

"Bon, ninaazima tu. Ruta angekataa?"

Columbus walisimama kumshangilia. Wakamwita tena, kisha klabu kubwa zaidi zikamwita, akaacha kazi ya depo. Lakini Vestine, ambaye hadi leo hajabadilisha maelezo yake, alimwona akishusha tromboni kutoka mdomoni huku yenyewe ikiendelea kulia. Kila baada ya onyesho pumzi yake ilipungua, hadi ngazi za nyumba zikamshinda.

"Siipulizi," alinong'ona ndani ya gari. "Ruta ndiye ananivuta pumzi."

"Twende Buffalo, kabla hajakumaliza."

Ndugu walijaa sebuleni kwa Bamurange, mtaa wa Riverside, mchana kweupe. Mchungaji Zenoni aliiweka tromboni juu ya meza, akashika shaba kwa mikono miwili na kumwamuru Ruta atoke, na shaba ikaanza kulia bila mdomo wa mtu, kwanza chini kama mgonjwa anayegeuka kitandani, kisha juu na juu zaidi, vioo vya madirisha vikitetemeka, Gatera amepiga magoti midomo ikiwa ya bluu, Vestine akimshika mabega na kuliita jina la Yesu, mpaka sauti ikakatika ghafla.

Zenoni aligusa shaba. Ilikuwa baridi.

Gatera alivuta pumzi ndefu, nzima.

"Haleluya!" ndugu wakapiga makofi. "Amepona!"

Alisimama bila kushika ukuta. Akavuka zulia, akaketi ubavuni mwa Bamurange, kwenye kiti kilichoachwa wazi kwa heshima ya marehemu, na kumpapasa mkono kama mtu aliyezoea. Bamurange hakuuondoa. Ndipo akamgeukia mke wake kwa adabu.

"Shemeji," alimwambia Vestine, "asante kwa kunileta nyumbani."