Ndoo Iliyotulia

Kila alasiri baada ya masomo, msichana ambaye wenzake walimpachika jina la Maswali alipitia kazini kwa baba yake ili warudi nyumbani pamoja. Baba alikuwa fundi mwashi. Yeye na mafundi wenzake wawili walikuwa wakijenga ghorofa ya pili ya zahanati.

Siku hiyo Maswali alifika akiwa na dukuduku. Asubuhi mwalimu wa sayansi alifundisha nishati tuli, ile inayohifadhiwa ndani ya kitu kinapoinuliwa. Mwishoni akauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitika, "Ndiyooo!" na Maswali akaitika nao, tena kwa sauti kubwa. Hakuwa ameelewa hata chembe. Lakini wiki iliyopita aliuliza darasani galaksi, yale makundi makubwa ya nyota angani, zimening'inizwa na nini, wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo maswali yake aliyaandika nyuma ya daftari, yakaishia humo.

"Umefika, mama?" baba alimwita.

Mafundi walikuwa wamekaa kivulini juu ya mifuko ya saruji, wakipumzika. Juu ya vichwa vyao, kwenye kapi, ilining'inia ndoo ya matofali. Walikuwa wameivuta hadi juu na kufunga kamba kwenye nguzo, ili wakirudi kazini waikute tayari. Ndivyo walivyofanya kila siku.

Maswali aliitazama. Ndoo imetulia, haiendi popote. Sasa hiyo nishati iko wapi? Kama ipo, baba amekaa chini yake. Kama haipo, watanicheka.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "ile ndoo ina nishati au haina?"

"Ndoo imelala, binti yangu," alidakia fundi mnene, mcheshi wa kundi. "Usije ukaiamsha!" Wakacheka.

Machozi yalimlenga. "Sijui, baba! Mwalimu alieleza, nikasema nimeelewa, kumbe nilidanganya. Lakini naogopa. Tokeni hapo kwanza!"

Baba alimtazama usoni, akainuka. "Hebu tutoke." Fundi mnene akajikokota huku akinung'unika. Baba akafungua kamba, akaanza kuishusha ndoo polepole. Ilipobaki kimo cha mtu, kamba ikakatika. Matofali yakaangukia mfuko aliokuwa amekalia fundi mnene, ukapasuka, vumbi la saruji likatimka.

Fundi mnene aliutazama mfuko uliopasuka.

"Na ingekatika ndoo ikiwa kule juu je, nasi tumekaa hapa?" aliuliza. Sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Kesho yake mwalimu alimaliza somo. "Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

Maswali alinyoosha mkono. "Mimi bado, mwalimu. Na jana nilidanganya." Akasimulia habari ya ndoo.

Mwalimu aliweka chaki mezani. "Kadiri kitu kinavyoinuliwa juu, ndivyo nishati yake inavyozidi, hata kikiwa kimetulia. Na lile swali lako la wiki iliyopita: galaksi hazikuning'inizwa. Nyota zake zimeshikana kwa kuvutana. Yapo mengi kuhusu galaksi ambayo hata wanasayansi bado wanayauliza." Kisha akaligeukia darasa. "Kusema hujaelewa si aibu. Jana neno hilo liliwaokoa watu watatu. Sasa nauliza upya, na nataka ukweli: nani hajaelewa?"

Mkono mmoja ukainuka, kisha wa pili. Punde darasa zima lilikuwa limenyoosha mikono.