Samaki Wadogo wa Mama Nanyama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kupalilia mahindi, Lenah, mama yake Nanyama, alipitia kwenye bwawa lake na kikapu cha pumba. Bwawa lilikuwa nyuma ya nyumba yao, huko Tongaren. Alilichimba kwa mikono yake mwenyewe mwaka wa 1991, na alilipenda kama kitinda mimba. Lakini mwaka wa pili ulikuwa unakwisha, na samaki karibu wote bado walikuwa saizi ya kidole.

Mume wake, Wekoye, alichoka. Alisema shamba ni la mahindi, si la kufugia vidagaa. Ati mavuno yakiisha angelifukia bwawa lile apande. Akanoa jembe kabisa. Lenah aliumia moyoni.

Na si kwamba alikuwa mvivu, jamani. Hata kuvua alivua kwa adabu. Wakwe wakija kutoka Kitale, aliwapikia samaki wakubwa, maana mgeni hapewi kidogo. Wadogo aliwarudisha majini wakue. Nani angemlaumu? Kifaranga hakichinjwi.

Basi akamwita Mukhisa, bwana samaki wa Bungoma, aliyefanya kazi miaka mingi pwani. Mukhisa akatupa wavu, akashika samaki mmoja mdogo.

"Mama Nanyama, huyu ana umri gani?"

"Si ni mtoto tu."

Mukhisa akamfungua samaki mdomo kwa ncha ya unyasi. Mayai ya manjano yakamwagika kiganjani. Lenah akashika kifua.

"Huyu ni mama," Mukhisa akasema. "Jike wa ngege, hawa tilapia wako, hutunza mayai mdomoni. Humu ndani umejaza mama na nyanya."

Kumbe muda wote huo alikuwa akilea watu wazima!

Wakaketi ukingoni, na Wekoye akasogea kusikiliza. Mukhisa akawaeleza habari za matumbawe, yale mawe hai yaliyo chini ya bahari. Huko samaki ni wengi ajabu, na kila aina ina ukuaji wake. Kuna mdogo kama ukucha. Huzaliwa, huzaa, hufa, na wewe bado unakula mahindi ya msimu ule ule. Kuna chewa anayezidi uzito wa magunia mawili. Na kuna wa saizi ya sahani, ambaye hukua haraka utotoni, kisha husimama hapo hapo na kuishi miaka mingi bila kuongezeka.

"Sasa umri wake mnajuaje?" Wekoye akauliza, sauti imeshuka.

"Kichwani mwa samaki kuna kijiwe. Wataalamu hukikata, wakahesabu miduara yake, kama ya mti."

Wekoye akainama kutazama maji. Moyo wake ulikuwa umejaa. Mungu ni fundi, alisema.

Kisha Mukhisa akawaonyesha kosa. Wanaokua vizuri waliliwa na wageni. Wadogo walibaki, wakazaa, wakajazana. Chakula kikawa kidogo, na nguvu ya kukua ikaishia kwenye kuzaa. Dawa ni kulikausha bwawa, kuwala wadogo wote bila huruma, kisha kuanza upya na vifaranga vya kweli. Wawe wachache, tena madume, kwa sababu dume wa ngege hukua haraka kuliko jike. Samadi na pumba visikosekane.

Wakafanya hivyo. Walikula samaki wadogo wa kukaanga mpaka Nanyama, binti yao, akalia kwa kuchoka.

Mwaka uliofuata wakwe walipokuja, samaki wawili tu walijaza sufuria. Lenah alipakua kwa furaha.

Wekoye naye aliingia sebuleni na bakuli la maji. Ndani yake mlikuwa na kasamaki kamoja, jike aliyejipenyeza kati ya madume. Mkwe akacheka, akauliza kama mtoto huyo naye ni wa kula.

"Usimwite mtoto," Wekoye akamwambia polepole. "Huyu ana watoto wake mdomoni."

Na lile jembe alilolinoa, wiki ile alichimbia bwawa la pili.