Pumzi ya Mjomba Gabriel

Asubuhi za Julai pale Sumbawanga hazina huruma kwa mtu. Happy alikuwa akifagia uwanja wa nyumbani huku amejifunga khanga ya mama yake juu ya sweta la shule, na bado meno yaligongana. Akimaliza kufagia huwasha moto, kisha humwamsha mdogo wake Evans, na kumwamsha Evans ilikuwa kazi kuliko hizo nyingine zote. Lakini juma lile alifanya yote bila kununa, kwa sababu alikuwa amepata chumba chake mwenyewe.

Kilikuwa chumba kidogo cha uani, kilichozoea kujaa magunia ya mahindi. Baba yake, Mzee Nsajigwa, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Mbeya, aliyauza yale magunia kabla ya kwenda Wampembe kununua dagaa, akamwambia binti yake ahamie. Miaka yote Happy alilala kitanda kimoja na Evans, mtoto anayerusha mateke usingizini utadhani yuko fainali. Sasa alikuwa na mlango wenye kitasa, na mtu wa darasa la sita mwenye kitasa chake anajiona mkubwa kweli kweli.

Siku hiyo shuleni, Mwalimu Fabiani wa michezo alimwita pembeni.

"Nasikia mjomba wako wa Mtowisa ameitwa kwenye usaili wa polisi hapa mjini."

"Ndiyo, Mwalimu. Watakimbia, watapiga pushapu, watapimwa urefu na afya. Na mjomba anajua kukimbia! Amekimbiza ng'ombe bondeni tangu akiwa mdogo."

Mwalimu Fabiani hakucheka. "Bondeni ni bondeni, na huku juu ni huku juu. Hewa si moja. Mwambie mama yako amwite mapema, aje azoee. Akija siku za mwisho pumzi itamkatikia uwanjani. Utasema?"

"Nitasema, Mwalimu."

Na kweli alikusudia kusema. Ila alipofika nyumbani na kukiona chumba chake, akili ikamgeuka. Mjomba akija atalala wapi, kama si chumba cha uani? Akajiambia atasema kesho. Kesho ilipofika akajiambia tena kesho. Hata mama alipompigia simu Gabriel, na Gabriel akajibu kwamba kwanza anamalizia kuvuna mpunga, Happy alikuwa palepale akimenya viazi. Aliinamisha kichwa akaendelea kumenya.

Gabriel alipanda milima ya Lyamba lya Mfipa siku chache tu kabla ya usaili, mrefu, mcheshi, na nusu gunia la mchele begani. Bibi Silvana, jirani yao mjane, alimpokea kwa bakuli la togwa, uji mwepesi wa kimea. Gabriel akainywa yote akashukuru.

"Dada," alimwambia mama yake Happy jioni ile, "mwaka huu lazima. Nikikosa safari hii umri unanipita, na mimi kazi niliyoitaka maisha yangu yote ni hii moja."

Kesho yake alfajiri Happy alimsindikiza hadi uwanja wa shule, ashike koti lake. Gabriel alianza kwa kasi kama anayemfukuza ng'ombe kwenye shamba la mtu. Wapita njia walisimama kumtazama. Mzunguko wa pili haujaisha, mdomo ukawa wazi, mabega yakapanda juu, na mara akaketi kwenye majani yenye umande, mkono kifuani, akitafuta pumzi asiipate. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Pushapu alipiga mpaka watoto wakachoka kuhesabu, lakini mbio zilimshinda. Usiku kichwa kilimgonga na usingizi haukuja.

"Dada, mimi sijawahi kushindwa mbio," alisema asubuhi moja, macho mekundu. "Kuna mtu kanichezea. Tangu ninywe ile togwa ya huyo bibi, kifua si changu."

"Usiseme hivyo, Gabriel! Bibi Silvana ndiye aliyenisaidia nilipojifungua watoto hawa."

Lakini sauti ya mama haikuwa na nguvu, na mchana ule akamkataza Evans kwenda kucheza kwa jirani. Bibi Silvana alipoleta togwa tena, Gabriel aliipokea kwa mikono miwili, akasubiri ageuke, akaimwaga chini ya ua. Bibi alikuwa hajafika mbali. Aliona. Alirudi, akachukua bakuli lake tupu bila neno, akaenda zake taratibu.

Happy naye aliona, na tangu hapo hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anataka kukaa. Chumba cha uani alikuwa amepewa mjomba, naye amerudi kulala na Evans, ila safari hii si mateke yaliyomnyima usingizi. Shuleni Mwalimu Fabiani alimuuliza kama mjomba alikuja mapema. Happy akajibu, "Ndiyo, Mwalimu," haraka haraka, kisha akakimbilia nyuma ya madarasa, aibu ikimchoma. Sasa ulikuwa uongo juu ya uongo, na hakujua aanzie wapi kuutengua.

Aliporudi nyumbani alimkuta Gabriel akifunga kamba za viatu. Alikuwa amepata habari za mganga mmoja nje ya mji. Angechanjwa kifuani, na angekunywa dawa ya kutapisha ili atoe kile alichodhani amelishwa. Usaili ulikuwa umekaribia, na mtu aliyetapika siku nzima hakimbii popote. Happy aliona wazi kwamba mjomba anakwenda kujimaliza mwenyewe.

Akasimama mlangoni. "Mjomba, usiende! Si Bibi Silvana. Ni mimi!"

Gabriel akaruka nyuma mpaka akagonga meza. "Wewe? Happy, wewe ndiye umeniroga?"

"Sikukuroga! Sijui hata kuroga!" Machozi yakamtoka. "Mwalimu alisema uje mapema uzoee hewa ya huku. Aliniambia nimwambie mama. Nikanyamaza kwa sababu ya chumba. Sikutaka kutoka chumbani!"

Gabriel alitazama viatu vyake kama mtu asiyejua ni vya nani. Mama hakupiga wala hakufoka, na hilo lilimtisha Happy kuliko fimbo. Alijitanda khanga, akamshika mkono bintiye, wakaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Fabiani. Huko Happy alirudia yote kwa mdomo wake mwenyewe, pamoja na uongo wa asubuhi ile.

Mwalimu alikuja jioni. Alimsikiliza Gabriel kwa makini, akamuuliza maswali mengi kuhusu kichwa na usingizi.

"Hakuna aliyekuchezea," alisema. "Huku juu hewa ni nyepesi. Kila ukivuta, mwili unapata kidogo kuliko uliozoea kupata bondeni. Ukikaa, mwili unajifunza. Sitakudanganya, siku zilizobaki hazitoshi kuzoea kabisa. Lakini kuna jambo moja unaweza. Acha kukimbia kama unafukuza mwizi. Anza taratibu, waache wakupite. Kunywa maji, lala mapema, na leo pumzika."

Gabriel alimshukuru Mwalimu. Kisha akatoka, akaenda kwa Bibi Silvana, akapiga magoti, akamweleza yote na kuomba radhi. Happy alipaswa kwenda pamoja naye. Akajifanya anatafuta kuni.

Siku ya usaili upepo ulivuma tangu asubuhi. Happy na mama walisimama nje ya uwanja kati ya ndugu wa waombaji wengine. Filimbi ilipolia vijana walifyatuka, na Gabriel akabaki mwisho kabisa.

"Yule naye amekuja kutembea?" mtu mmoja alicheka. Happy alitafuna mkono wa sweta lake. Alijua jinsi mjomba anavyoumia kupitwa, na alijua pia kwamba kama angesema mapema, asingelazimika kukimbia hivyo.

Mizunguko ikaenda. Waliofyatuka kwa fujo wakaanza kushika viuno, mmoja akaketi, mwingine akatoka nje. Gabriel alikuwa na mwendo wake uleule. Mwishoni pumzi ilianza kukoroma na miguu ikawa mizito, mama akawa anaita, "Gabriel! Gabriel!" bila kujisikia. Gabriel alivuka mstari afande akiwa tayari ameinua filimbi mdomoni kufunga muda. Nyuma yake hakupita mtu. Jioni, baada ya vipimo vyote, jina lake lilisomwa miongoni mwa waliofaulu.

Nyumbani shangwe ilikuwa kubwa. Wali wa mchele wa Mtowisa ulipakuliwa, na mama akamwita Bibi Silvana kupitia uani. Bibi akajibu kwamba ameshiba. Happy aliisikia ile sauti, na furaha yote ikamwishia. Aliweka sahani chini akatoka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Hakuongeza "mjukuu wangu" kama ilivyokuwa kawaida yake. Alikuwa akipepeta ulezi.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Mjomba wako ameshaomba. Nimemsamehe."

"Naomba wa kwangu, Bibi."

Bibi Silvana aliuweka ungo chini. "Mjomba wako alinidhania vibaya kwa sababu hakujua. Asiyejua hushika lolote lililo karibu, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Wewe ulijua, Happy. Kila siku uliyonyamaza, mimi nilikuwa mchawi."

Happy alilia bila kujizuia. Bibi alimwacha alie kwanza.

"Sikwambii haya ili nikuumize," alisema baadaye, sauti imelegea. "Ukiambiwa neno la kumfaa mtu, lifikishe siku ileile, hata kama kwako lina hasara. Ukilificha, anaumia mtu asiye na habari, na huwezi kuchagua atakuwa nani. Umenielewa, mjukuu wangu?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Haya, nishike mkono nisimame. Wali ukipoa haunogi."

Kulikuwa na njia ya mkato nyuma ya nyumba, lakini Happy hakuifuata. Alimpitisha Bibi Silvana barabara ya mbele, polepole, majirani wote wakiwatazama, na hakuuachia mkono wake mpaka alipomketisha kwenye kiti kilicho karibu na Gabriel.