Mpe Mara Moja

Maiti ya Scolastika ilikuwa juu ya benchi la zahanati ya machimbo, Geita, na nusu ya benchi ilibaki wazi. Alikuwa na miaka minne. Inspekta Msaidizi Makoye alikuwa na miaka kumi na miwili ya upolisi, lakini maiti fupi hajazizoea, wala hakutaka kuzizoea.

Watu walikwishahukumu. Limi ni mama wa kambo, chupa ya dawa ya minyoo ni tupu, mtoto kafa kwa degedege. Basi kamlisha sumu. Akatiwa mahabusu, na mwaka ule wa 1957 kitanzi hakikuwa hadithi.

"Ulimpa nini?" Makoye alimuuliza.

"Dawa ya dresa."

"Kiasi gani?"

"Yote."

"Kwa nini yote?"

"Aliniambia mpe mara moja."

Dresa Selestine, mganga msaidizi wa zahanati, koti jeupe limenyooka kwa pasi, alitoa chupa ambayo Limi aliirudisha siku ile alipomleta mtoto.

"Soma mwenyewe, afande. Watu hawa hawasikii."

Lebo ilisema: *Mpe mara moja kwa siku, vijiko viwili.*

Makoye aliituma chupa kwa Mkemia wa Serikali, Dar es Salaam. Wiki tatu alimtazama Limi akikonda. Iliuma.

Majibu yakaja. Mkemia alitafuta fenilipiperazini, kemikali kali ya viwandani, ndugu wa karibu wa dawa ile, asiikute. Ilikuwa piperazini tu, dawa halali. Haimuui mnyoo, humlegeza misuli hadi akatoka na choo. Lakini ya siku saba ikinywewa kwa mkupuo mmoja, huvamia mishipa ya fahamu ya mtoto. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: maneno "kwa siku, vijiko viwili" yameandikwa juu ya dawa iliyochuruzika ikakauka. Yale ya mwanzo yako chini yake.

Makoye aliiweka barua mbele ya Selestine.

"Dawa huchuruzika lini, ikiwa kabatini au ikimiminwa?"

"Ikimiminwa."

"Na Limi hajui kuandika. Chupa ilirudi mikononi mwako."

Selestine alianza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Foleni ilikuwa ndefu, afande. Nilisema mara moja, nikaandika mara moja. Kwangu ilikuwa mara moja kwa siku. Aliporudi na mtoto anatetemeka, nikaona koti hili linanitoka. Nyumba nzima inalitegemea."

"Ukamwachia yeye kitanzi."

"Nilimwachia."

Limi alipofunguliwa, Makoye alimweleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma, maneno yasije yakaeleweka vibaya tena. Limi alisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nilijua mara moja ni yote, sasa hivi," alisema. "Ilikuwa chungu, baba. Alikuwa anaitema. Nikambembeleza, nikamwimbia, hadi tone la mwisho."

Akaikaza khanga yake kiunoni.

"Kwa hiyo ningemwacha aiteme, angekuwepo?"

Makoye alivua kofia.